Uzi maalumu: kochi la kona (L) kwenye sebule zetu, tupime njia kwanza

Mpanga Sebule (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya siku chache mtu anaweka humu picha ya kochi la L aliloliona kwenye karakana za Keko au kwenye ukurasa wa muuzaji, anauliza kama litamfaa. Majibu huwa "limetulia", "chukua mkuu", basi. Hakuna anayemuuliza sebule yake ina ukubwa gani. Nimefungua uzi huu ili mwenye swali hilo tumlete hapa. Kazi yangu ni kuwapangia watu nyumba, zaidi nyumba za kupanga za hapa Dar, kwa hiyo nitaongelea vyumba vya futi 10 kwa 12, 12 kwa 12 na 12 kwa 14, ambavyo ndivyo wengi wetu tunaishi.

Kabla hujafikiria kona, fikiria njia. Sebule zetu nyingi watu wanapita muda wote. Mlango wa nje unaingilia hapo, na ni hapo hapo unapopita kwenda jikoni, chooni na vyumbani. Chukua chaki, simama kwenye mlango wa nje, chora njia mpaka mlango wa korido, na nyingine mpaka jikoni. Upana usipungue sentimita 75, na ukiweza kupata 90 shukuru, maana hapo mtu atapita na ndoo ya maji, na mwingine na sinia la pilau. Eneo linalobaki ndiyo sebule yako ya kukaa. Kochi linunuliwe kwa kipimo cha eneo hilo, si kwa kipimo cha chumba kizima. Ninaloliona mara nyingi ni mtu kupima ukuta kwa ukuta, kuagiza kochi linaloenea ukuta wote, halafu wageni wanaokwenda chooni wanapita kiupande upande mbele ya magoti ya wenzao wakiomba radhi.

Ukishachora njia, tandika kanga. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa kama mita 1.1. Ikunje upana ubaki sentimita 90, hicho ndicho kina cha makochi mengi kutoka mgongoni mpaka ukingo wa mbele. Ziunge zitengeneze L ya ukubwa unaoutaka, uziache sakafuni jioni nzima nyumba ikiendelea na shughuli zake. Fungua mlango wa nje mpaka mwisho. Vuta droo za kabati la TV. Waite watoto wapite. Kila mahali unapojikuta unaikanyaga kanga, ujue hapo ungejigonga kwenye kochi.

Sasa suala la idadi ya watu. Muuzaji akikwambia "hili la watu sita", chukua futi kamba. Mtu mzima anahitaji kama sentimita 60 za upana akae kwa raha. Kochi la sentimita 240 kwa 180 lenye mikono ya sentimita 20 lina hesabu hii: kona yenyewe inakula 90 kwa 90, upande mrefu unabaki na 130, hapo ni watu wawili. Upande mfupi unabaki na 70, hapo ni mmoja. Kwenye kona anakaa mmoja, na miguu yake haina pa kwenda kwa sababu magoti ya majirani yamemziba pande zote. Jumla ni wanne kwa raha, watano kwa kubanana. Sita hawapo. Mikono ikiwa minene ya sentimita 30, kama ile inayopendwa siku hizi, unapoteza sentimita 20 nyingine, theluthi ya nafasi ya mtu, ili kochi lionekane zito.

Halafu kuna upande. L ina kulia na kushoto, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Mwingine anahesabu kulia akiwa ameketi kwenye kochi, mwingine akiwa amesimama mbele yake analitazama. Maneno ni yale yale, makochi ni mawili tofauti. Usimwambie fundi "nataka la kulia". Mchoree kwenye karatasi: ukuta huu, dirisha hapa, mlango hapa, upande mrefu hapa na mfupi hapa. Mpige picha fundi akiwa ameushika mchoro, na ubaki na nakala.

Mwisho kwa leo ni hewa. Pwani tuna kusi na kaskazi, na nyumba iliyojengwa vizuri inaupokea upepo huo dirishani. Ukiegesha kochi la mgongo mrefu chini ya dirisha umeufunga upepo kwa mikono yako. Pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa dirisha, na mgongo wa kochi usivuke hapo. Pia usilibandike kochi ukutani. Acha vidole vinne. Wakati wa masika kuta nyingi zinatoka unyevu, na kitambaa kinachogusa ukuta wenye unyevu kinaota ukungu nyuma, mahali usipopaona mpaka siku unahama.

Wekeni vipimo vyenu hapa. Futi, mita, vyovyote, ila mseme milango na madirisha yako wapi.

---

Mpangaji wa Tabata

Asante sana mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi sebule ni futi 12 kwa 14. Mlango wa nje uko kwenye ukuta wa futi 12, umejibana kulia kabisa ukiwa unaingia. Ukuta huo huo kushoto kwa mlango kuna dirisha kubwa. Ukitazama mbele, ukuta wa pili wa futi 12 una uwazi wa korido, nao uko kulia. Ukuta wa kushoto ni mtupu, hauna kitu. TV inchi 43. Wife anataka L, na mimi nimeona moja ya 240 kwa 180 imenivutia. Niiweke wapi?

---

Mpanga Sebule

Kaka, nyumba yako imekaa vizuri kwa L, kwa sababu njia yako imenyooka: unaingia kulia, unatokea korido kulia. Futi 12 ni sentimita 366. Toa 90 za njia kando ya ukuta wa kulia, unabaki na upana wa 276. Humo ndimo vitu vyote vikae.

Upande mrefu wa 240 uweke kwenye ukuta wa dirisha, utazame ndani, ambako TV itakuwa kwenye ukuta wa mbele kushoto kwa uwazi wa korido. Utabaki na sentimita 36 kati ya mkono wa kochi na njia, hiyo inatosha mlango ufunguke bila kukwaruza kitambaa. Upande mfupi wa 180 ulale kwenye ule ukuta mtupu. Ukiwa umekaa upande mrefu unatazama TV, upande mfupi uko kushoto kwako. Mwenye kusimama mbele ya kochi na kulitazama atauona uko kulia kwake. Ndiyo sababu nikasema mchoro.

Watu wengi wangefanya kinyume, upande mrefu kwenye ule ukuta mtupu kwa kuwa ndio ukuta mrefu. Siwashauri. Wanaokaa upande huo watatazama TV kwa kugeuza shingo kila usiku. Upande wenye watu wengi ndio uelekee TV.

Kochi lisukume mbele sentimita 40 kutoka dirishani. Pazia litashuka mpaka chini kwa uhuru, upepo utaingia, na utaweza kufunga dirisha bila kupanda juu ya kochi na viatu. Nyuma hapo ndipo pa kuweka taa ndefu ya kusimama, kwenye kona. Taa ya dari peke yake inamwangaza mtu utosini na kuacha kona ya L giza.

Kuhusu TV: ukikaa hapo, macho yako yatakuwa kama mita 3.2 kutoka kioo. Kanuni ninayoitumia ni kuzidisha ulalo wa kioo kwa 1.6. Inchi 43 ni sentimita 109, kwa hiyo inafaa kutazamwa kutoka kama mita 1.75. Kwa mita 3.2 picha utaiona, ila maandishi ya taarifa ya habari yatakuchosha. Huhitaji kubadilisha TV kesho, lakini siku ukinunua nyingine usiende chini ya inchi 65. Na usiitundike juu kama ya baa. Katikati ya kioo pawe kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa.

Upande wa kushoto mbele ya ule upande mfupi utabakiwa na ukuta wa kama mita 2. Weka kiti kimoja chepesi, kikae mshazari kikitazama kochi. Hicho ndicho kiti cha mgeni mtu mzima, ambaye hataki kuzama kwenye kona ya L na kusaidiwa kuinuka.

---

Mpangaji wa Tabata

Nimekuelewa vizuri mno. Nimetandika kanga sasa hivi, wife amesimama anaangalia. Swali moja: meza ya kati? Tuna ile ya kioo ya mita 1.2.

---

Mpanga Sebule

Meza iwe na urefu wa theluthi mbili ya upande mrefu, au chini ya hapo. Kwako upande mrefu ni 240 na umefungwa na upande mfupi, kwa hiyo nafasi ya wazi mbele yake ni 150. Meza ya mita 1.2 hapo inaziba. Mtu wa kona hatatoka. Tafuta ya duara ya sentimita 70 au 80, au stuli mbili ndogo za kusogeza. Kutoka ukingo wa kochi mpaka meza acha sentimita 40 hadi 45: mgeni afikie chai bila kuinuka, na magoti yapite. Urefu wa meza ulingane na kikalio au ushuke kidogo.

Ile ya kioo ihamishie pembeni chini ya TV kama kabati lako halina nafasi. Nyumba yenye watoto wanaojifunza kutembea, kona za kioo ziwe mbali na kochi.

---

Fundi wa Keko

Mwanzisha uzi ameongea ukweli mtupu, niongezee upande wa karakana.

Kwanza, ombeni kochi liungwe vipande viwili au vitatu kwa ndoano za chuma, lisiwe mwili mmoja. Fremu ya mlango wa futi 3 ukitoa mbao zake inabaki sentimita 80 na kitu. Kochi lenye kina cha 90 na mgongo wa 80 linapita kwa kulalazwa, tena kama koridoni mna nafasi ya kugeuza. Nyumba za ghorofa ndiyo kabisa, ngazi ina kona. Tumeshapandisha makochi kwa kamba kupitia roshani kwa sababu mteja aliagiza kipande kimoja cha mita 2.7. Miguu nayo iwe ya kufungua kwa skrubu.

Pili, fremu. Mteja haoni mbao, anaona kitambaa, na mafundi wengine wanalijua hilo. Njoo karakana kochi likiwa bado mifupa. Mninga na mkongo ni imara lakini gharama iko juu. Paini inafaa kabisa ikiwa imekauka na imepakwa dawa ya mchwa, na viungo vimetiwa gundi na skrubu, sio misumari mitupu. Kwenye L angalia kona. Pale pande mbili zinapokutana pawe na miguu yake chini. Kona isiyo na mguu inaanza kulia baada ya muda mfupi, kisha inazama.

Tatu, sponji. Ya kukalia iwe ya msongamano wa kilo 30 kwa mita ya ujazo kwenda juu. Ya mgongoni inaweza kuwa laini zaidi. Kaa, inuka, tazama sponji inarudi kwa kasi gani. Ukihisi mbao matakoni, shukuru umejua mapema.

Na mito ya kukalia iwe na zipu, foronya itoke ifuliwe. Mto wa kona hautageuzwa pande zote, lakini hiyo mingine mbadilishane nafasi kila mwezi ili isizame sehemu moja.

---

Binti wa Tanga

Shikamooni wakubwa. Mimi swali langu ni la mapambo. Nina kochi la L la rangi ya kijivu, tayari liko ndani. Mama yangu amenifumia vitambaa vya makochi, vyeupe, vizuri kweli, alivifuma mwenyewe kwa sindano. Dada zangu wanasema vitambaa havipandi kwenye L, ni mambo ya zamani. Kila nikivitandika vinateleza vinaangukia kwenye kona. Sitaki kuviweka kabatini. Nifanyeje?

---

Mpanga Sebule

Marahaba dada. Usiviweke kabatini.

Vitambaa vya kufuma vilitengenezwa kwa seti za tatu-mbili-moja, zenye migongo mifupi iliyotengana, kila kitambaa na mgongo wake. L ina mgongo mmoja mrefu unaopinda, ndiyo maana vinasafiri. Chagua viwili au vitatu vilivyo vizuri kuliko vyote. Kimoja kishonee juu ya foronya ya mto wa rangi iliyokolea, kwa mfano bluu ya bahari au nyekundu ya damu ya mzee, ufumaji uonekane wote na mashimo yake. Weupe juu ya kijivu unapotea, weupe juu ya rangi nzito unang'aa. Kingine kitandike kwenye meza ya kati chini ya trei, na kirefu zaidi kwenye kabati la TV. Kama kimoja lazima kiwe kwenye kochi, kiweke kwenye mkono wa upande mfupi, kishikwe kwa pini za kusokota za watengeneza makochi. Hizo hazichani kitambaa.

Mito: L ya kawaida inatosheka na mitano. Miwili mwisho wa upande mrefu, miwili kwenye kona, mmoja mwisho wa upande mfupi. Ile ya kona ndiyo muhimu, kwa sababu inaijaza ile pembe ambayo mgongo wa mtu haufiki. Weka mkubwa wa sentimita 50 nyuma na mdogo mrefu mbele yake. Siri moja: foronya ikiwa 45 kwa 45, mto wa ndani uwe 50. Mto uliolingana na foronya yake unalegea kwenye pembe baada ya wiki chache.

Rangi usizidishe. Kijivu ni rangi ya baridi, na ukiiongezea mapazia ya kijivu na zulia la kijivu, sebule inakuwa kama ofisi ya benki. Chukua kanga au kitenge unachokipenda, tazama rangi zake tatu, na hizo ndizo ziwe rangi za mito, pazia na zulia. Aliyechora kitenge alishakufanyia kazi ya kupatanisha rangi. Kitambaa cha kitenge kikiwa chepesi kitie bitana ndani kisivutike kwenye mshono.

Zulia liwe kubwa. Kwa L ya 240 kwa 180 tafuta la mita 2 kwa 3, miguu ya mbele ya pande zote mbili ikanyage juu yake. Zulia dogo linaloelea katikati peke yake linafanya kochi lionekane limetengwa. La 160 kwa 230 litakubali ikiwa utalisogeza chini ya kochi, ila pembeni litabana.

---

Mzee wa Ukonga

Vijana, naheshimu utaalamu wenu ila niseme langu. Mpangaji hafai kununua L. Leo uko Tabata, mwakani mwenye nyumba kapandisha kodi umehamia Kinyerezi, mlango uko upande mwingine, L yako inaziba korido. Seti ya tatu-mbili-moja inakubali nyumba yoyote. Halafu kuna jambo hamjalisema. Nyumba ya Mswahili ni ya shughuli. Siku ya msiba makochi yote yanatolewa nje, mikeka inatandikwa, watu wanakaa chini. Siku ya kikao cha harusi yanasukumwa ukutani. Hilo dude la mita mbili na nusu nani atalibeba usiku wa manane na majonzi yote?

---

Mpanga Sebule

Mzee wangu, shikamoo. Umenena jambo kubwa kuliko mengi niliyoandika pale juu, na naomba kila anayeagiza kochi alisome.

Kwa hoja ya msiba, jibu ni lile la Fundi wa Keko: vipande. Kochi la kona liwe na kipande ambacho wanaume wawili wanakiinua na kukitoa mlangoni bila kubishana. Mimi kabla ya mteja kulipa namwomba afungue ndoano mwenyewe, mbele ya fundi. Ikimshinda dukani, nyumbani itamshinda zaidi. Lisilofunguka lisiingie kwenye nyumba ya familia.

Kwa hoja ya kuhama, hapo nakubaliana nawe nusu. L ya kushonwa kabisa upande mmoja ni ya mwenye nyumba yake. Mpangaji anunue ile ambayo upande mfupi ni stuli kubwa inayojitegemea: kochi la watu watatu lililonyooka, na stuli ya kina kile kile inayosogezwa kushoto au kulia. Leo ni L ya kushoto, ukihama ni ya kulia, na chumba kikiwa kidogo stuli inakaa katikati kama meza, weka trei juu. Siku ya kikao watu wawili wanakaa kwenye stuli wakiwatazama wenzao. Unapoteza mgongo wa upande mfupi, lakini unapata kochi litakalokubali nyumba tatu zijazo.

---

Mzee wa Ukonga

Marahaba. Hiyo ya stuli nimeikubali. Nitamwambia kijana wangu.

---

Mswahili wa Maskati

Salaam kutoka huku. Nasoma nikitazama majlisi ya kwetu. Huku chumba cha wageni hupangwa viti kuzunguka kuta tatu, katikati kunaachwa wazi kwa kahawa, halua na tende. Naona L yenu ni kama nusu ya majlisi. Faida ambayo ningependa muichukue ni hii: katika majlisi hakuna anayempa mwenzake mgongo, na anayeingia mlangoni anaona nyuso za wote. Kwenye picha nyingi za L naona mgongo wa kochi unatazama mlango. Mgeni anaingia anasalimia visogo.

---

Mpanga Sebule

Hilo ni sahihi na ni la kwetu pia. Mgongo wa kochi usiwe wa kwanza kuonwa na mgeni, isipokuwa ukumbi ni mkubwa na unataka kochi ligawanye sehemu ya kukaa na ya kula. Hata hapo, nyuma ya mgongo weka meza nyembamba yenye taa, na utie mgongoni kitambaa kile kile cha mbele. Mafundi wengine hufunika nyuma kwa kitambaa cheusi chepesi kwa kuwa wamezoea kochi kukaa ukutani. Wambie mapema kwamba litakaa katikati.

Kwa mdau wa Tabata: kochi lako linaipa mgongo kuta mbili na mlango uko kando ya mkono wa kochi. Anayeingia akipiga hatua mbili tu anaonana na wote. Uko salama.

---

Mpangaji wa Tabata

Alhamdulillahi. Sasa nimekumbuka jambo: tunasali sebuleni, chumbani hamna nafasi. Hizo kanga zimekula sehemu ya msala.

---

Mpanga Sebule

Tupige hesabu. Kwa Dar kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, Makka iko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo na sisi. Ukuta wako wa TV unaelekea wapi?

---

Mpangaji wa Tabata

Kaskazini. Jua linatua upande wa ule ukuta mtupu.

---

Mpanga Sebule

Basi umepata. Futi 14 ni sentimita 427. Toa 40 za nyuma ya kochi, toa 90 za kochi, unabaki na 297 mpaka ukuta wa TV. Toa kina cha kabati la TV, tuseme 40, kuna 257. Msala mmoja ni kama 70 kwa 110. Ukiwa na stuli mbili badala ya meza nzito, unazisukuma pembeni na watu wawili wanasimama safu moja bila kusogeza kochi. Upana wa kuanzia ukingo wa upande mfupi mpaka njia ni 276 kutoa 90, yaani 186. Ukizima TV mbele yako pana kioo cheusi tu, na wapo wanaokifunika kitambaa kwa muda wa sala ili kisiwashughulishe. Kile kiti cha pembeni kiwe chepesi, kisogezwe kwa mkono mmoja.

Na kama dirisha lako lingekuwa upande wa jua kutua ningekwambia kuhusu pazia zito. Jua la saa tisa na saa kumi linapausha kitambaa sehemu moja, mwaka ukiisha kochi lina rangi mbili. Kwako hilo halipo.

---

Mama wa Likoni

Jamani, na sisi wa Mombasa mtusaidie. Kochi la leza jeusi, la kona, bado halijachakaa lakini linachunika maganda, yanamganda kila anayekaa, hasa kwenye kile kiti cha mwisho karibu na dirisha. Kuna dawa ya kulitibu?

---

Fundi wa Keko

Mama, pole. Hilo ni leza bandia, tabaka la juu ni plastiki iliyobandikwa kwenye kitambaa. Joto na unyevu wa pwani vinaivunja ile plastiki yenyewe, na jasho na mafuta ya nywele vinaongeza. Likishaanza kuchunika hakuna dawa ya kupaka itakayolirudisha. Fremu na sponji zikiwa nzima, usilitupe. Livalishwe upya kitambaa. Kwa pwani mimi nashauri kitambaa cha kufumwa kilichoshikana vizuri, kisichobana joto. Veleveti linapendeza picha lakini Desemba mpaka Machi utalikimbia ukae sakafuni.

Wakati unangoja, kipande cha dirishani kibadilishe na kingine kama kochi linafunguka, na utandike kikoi kizito juu ya kikalio, ukichomeke ndani kwenye mshono wa nyuma kisivutike.

---

Mama wa Likoni

Ahsante mwanangu. Linafunguka. Nitaanza na hilo la kikoi leo.

---

Binti wa Tanga

Narudi na majibu. Mto wenye kitambaa cha mama juu ya bluu umetoka mzuri sana, nimemtumia picha amefurahi, ameniambia anifumie mwingine wa duara. Sasa jingine: chini ya kochi pananishinda kufagia, miguu ni mifupi kama vidole viwili. Vumbi na mbu vyote vinalala humo.

---

Mpanga Sebule

Hongera dada, mpe mama salamu zetu. Miguu ya kochi ikiwa ya skrubu, fundi yeyote wa mbao atakutengenezea mingine ya sentimita 12 mpaka 15. Hapo fagio na tambara la deki vinapita, na taa ikimulika unaona mpaka ukutani. Ila kumbuka kikalio kitapanda kwa tofauti ya miguu mipya na ya zamani. Kipime kwanza: kikalio kizuri kiko sentimita 42 mpaka 45 kutoka sakafuni. Chako kikiwa sasa 36, ongeza 8 na usizidishe. Kikiwa tayari 43, iache miguu ilivyo, na kila Jumamosi fungueni ndoano mvute upande mfupi nje, mfagie nyuma na chini. Badilisha miguu yote kwa mara moja pamoja na ile ya kona, kochi lisije likainama upande.